Kabla hujakubali injini mpya kwenye gemu uliyoizoea

Usiku ule niliiacha kompyuta ikipakua, nikaenda kulala. Gemu ya mbio za magari ambayo mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeicheza karibu miaka mitatu ilitangaziwa sasisho kubwa: injini mpya (si ya gari, bali programu ya msingi inayoiendesha gemu yenyewe), vivuli vipya, mvua inayoakisi taa za barabarani. Asubuhi bando lilikuwa limeliwa GB 40 na ushee, na mdogo wangu alishaniwahi kwenye kiti. Akaniita: "Kaka, mbona gari linarukaruka?" Menyu ilipendeza kweli. Ila barabarani, pale tulipozoea fremu, yaani picha, 50 kwa sekunde, tulipata 17, na kila tulipoingia kona mpya picha iliganda kidogo kabla ya kuendelea.

Kompyuta yenyewe ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo, na kadi yake ya grafiki wakati huo ilikuwa na kumbukumbu ya GB 2 tu. Nilidhani imekufa. Nikafungua kasha, nikapuliza vumbi, nikabadilisha draiva, ile programu inayoiunganisha kadi na Windows, mara mbili. Kadi ilikuwa nzima.

Kilichobadilika ni namna gemu inavyozungumza na kadi. Gemu nyingi za muongo uliopita ziliandikwa kwa DirectX 11, lugha ya Microsoft ambayo gemu huitumia kuzungumza na kadi, ambako draiva ndiyo hubeba kazi kubwa ya kupanga kumbukumbu na kuamua nini kichorwe lini. DirectX 12, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015, na mshindani wake Vulkan, iliyotoka Februari 2016, ziliikabidhi injini sehemu kubwa ya kazi hiyo. Injini iliyojengwa hivyo tangu msingi hufaidika sana. Lakini kuibadilisha injini ya zamani wakati gemu iko sokoni ni sawa na kubadilisha nguzo za nyumba wakati wapangaji wamo ndani. Inawezekana, ila nyufa hutokea, na wa kwanza kuziona ni mwenye kadi dhaifu.

Ule mgando wa kwenye kona nao una sababu yake. Sheda, yaani programu ndogondogo zinazoiambia kadi jinsi ya kuchora maji, ngozi au moshi, lazima zitafsiriwe kwa ajili ya kadi yako wewe. Zikitafsiriwa katikati ya mchezo, picha huganda. Na ukibadilisha draiva, mara nyingi kazi hiyo huanza upya. Kwa hiyo mimi kwa pupa yangu nilikuwa naiongeza. Sasisho kubwa likiingia, iache gemu menyuni mpaka imalize kuandaa sheda, kisha cheza eneo lilelile mara mbili kabla ya kuhukumu. Mgando ukipungua mara ya pili, subiri tu. Fremu zikibaki chini vilevile, basi mzigo wenyewe umeizidi kadi yako.

Hapo ndipo lile swali ambalo sikulijua linapokuja: je, kuna njia ya kurudi? Siku hizi naliuliza kabla ya yote, hata kabla ya kutazama video za kulinganisha picha.

Wako watengenezaji wanaokuachia njia hiyo. Gemu ya The Witcher 3 ya mwaka 2015 ilipopewa sasisho la 4.0 Desemba 2022, bila malipo kwa walioinunua, mchezaji wa kompyuta aliendelea kuchagua kati ya DirectX 11 na 12. Mwanga unaofuata miale halisi (ray tracing) ulipatikana kwenye 12 pekee. Kampuni ya Capcom walipozipandisha daraja gemu zao Resident Evil 2, 3 na 7 Juni 2022, mahitaji ya kompyuta yalipanda, wachezaji wakalalamika, na baada ya siku chache toleo la zamani likarudishwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwa anayelitaka. Sasisho la GTA V la Machi 2025 lilikuja kama toleo la pili, la zamani likabaki pembeni yake. Kwangu huo ndio ustaarabu wa kazi hii: mtu alilipa pesa kwa gemu inayowaka kwenye mashine yake, na haki hiyo isipotee kwa sababu vivuli vimependeza.

Gemu za mtandaoni hazina nafasi hiyo, maana wote lazima wawe toleo moja. Counter-Strike 2 iliposhika nafasi ya mtangulizi wake CS:GO Septemba 2023, wenye kompyuta za Apple (macOS) na wenye Windows ya biti 32 waliachwa nje. Kwa gemu za namna hiyo, soma mahitaji mapya mapema ujue kama bado umo.

Kwenye Steam, bofya kulia jina la gemu, fungua Properties, kisha Betas. Toleo la zamani kama lipo huwa hapo. Mimi nililikuta wiki tatu baadaye, nikalipa bando tena. Humohumo kwenye Properties unaweza kuamuru gemu isijisasishe mpaka utakapoifungua, na kwa mtu anayenunua intaneti kwa GB hilo si jambo dogo. Nakili pia folda yenye maendeleo yako kwenye flashi, kwa kuwa faili iliyohifadhiwa na toleo jipya huenda isisomeke na la zamani. Unayetumia modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, chelewa zaidi. Sasisho la Fallout 4 la Aprili 2024 lilivunja modi nyingi, hata waliotengeneza modi kubwa ya Fallout: London wakaahirisha kazi yao hadi Julai.

Sikuambii ukatae. Sasisho hizi mara nyingi huleta FSR, teknolojia ya AMD ambayo huchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili, na matoleo yake hadi la 3 hayadai kadi ya kisasa kama DLSS ya Nvidia inavyodai kadi za RTX. Zima miale, punguza vivuli, washa FSR, kisha pima. Kuna gemu mbili hapa nyumbani zinazokimbia vizuri zaidi leo kuliko siku zilipotoka.

Ile ya magari tuliicheza kwenye toleo la zamani mwaka mzima. Nilipopata kadi ya GB 8 nikaisasisha tena, safari hii flashi ikiwa mfukoni. Mdogo wangu alisimamisha gari katikati ya mashindano, akapitwa na wote, akawa anatazama taa za mji ndani ya dimbwi la maji.