Usimpumzishe Mzee kwa Kumwondolea Ng'ombe

Likizo ya Desemba ikifika, familia nyingi za kwetu Usukumani hukaa kikao kilekile. Baba amezeeka, ng'ombe wanamsumbua, wauzwe, aje mjini akae kwa mmoja wetu ale na kulala. Vikao hivyo nimevikaa, na msimamo wangu ni huu: mwondoleeni mzee kazi ya miguu, lakini amri ya zizi mwachieni.

Baba yangu anakaribia miaka 80. Ni mfugaji wa Meatu, na ufugaji wake uliwahi kukatika mara moja tu, alipokwenda vitani. Alikuwa mgambo majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Haukupita muda baba akamkabidhi mdogo wake fimbo, akapanda lori.

Wajukuu wakimuuliza habari za vita husubiri mizinga ya Masaka au mapigano ya Lukaya ya Machi 1979, kule Uganda. Yeye huanza na maboma ya Kagera. Askari wa Amin walikuwa wameswaga ng'ombe kwa maelfu kwenda kwao, wa wananchi na wa ranchi za serikali. "Mavi bado mabichi, ng'ombe hakuna," husema, kisha hunyamaza. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu tarehe 11 Aprili 1979, na hiyo huimaliza kwa sentensi moja. Aliporudi nyumbani akakuta wizi wa mifugo umeshamiri, na Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji, ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 naye alikuwemo, akikimbilia kila yowe la usiku. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie umeuza ng'ombe wake wote ili apumzike, unadhani atasikia nini?

Sisemi aachwe avunjike mgongo. Kuchunga kwa kutwa nzima, kuchota maji ya ndama, kukimbizana na dume lililokata kamba, hayo yote tumeyaondoa mikononi mwake. Jioni, ng'ombe wanaporudi, kiti chake kinakaa langoni pa zizi, na hakuna anayefunga lango kabla hajasema. Hahesabu kwa namba. Anawatazama kwa rangi na pembe, na akisema "yule mwekundu wa kipaji cheupe yuko wapi?", mchunga anajua bado ana safari ya porini.

Suala la kupunguza mifugo ndilo linalogombanisha familia, na hapa nitakaa kidogo. Meatu ni kukavu. Ng'ombe wengi kuliko malisho ni hasara ya wote, na mzee anaweza kukataa kuuza hata mmoja kwa sababu heshima yake imo humo. Msiende kumwambia idadi ni kubwa. Muulizeni habari za ngitili, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Kwetu ngitili hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zisimame, kisha hufunguliwa kiangazi kikikolea, Julai au Agosti. Ngitili nyingi zilikufa watu walipohamishiwa kwenye vijiji miaka ya 1970, na mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 ndipo wazee wakahimizwa kuzirudisha. Baba ni mmoja wa waliorudisha, kwa hiyo nyasi anazijua kuliko sisi wote tuliosoma. Basi mimi humuuliza mwezi wa sita, tukiwa tumesimama humohumo ndani: baba, hii itatufikisha Novemba? Atatazama, atapiga hatua kadhaa, atataja mwenyewe maksai wawili waliochoka na ng'ombe mkubwa aliyekoma kuzaa. Wanakwenda mnadani wakiwa bado na nyama. Ukisubiri Oktoba unauza mifupa, na bei ni ya mnunuzi.

Jambo la kumfanyia kwa siri lisiwepo. Dada yangu aliwahi kupendekeza tuuze wachache wakati mzee yuko kliniki Mwanza, eti hatagundua. Nilicheka. Mtu anayemjua ng'ombe kwa mlio wake hatagundua?

Dawa ya kuogeshea msimpe aichanganye. Macho yakipungua nguvu, kipimo kinakosewa, na sumu ile haimchagui kupe peke yake. Kijana apige bomba, mzee asimamie. Kuhusu ndama, chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, wazee wengi huiona ghali mpaka siku wanapopigiwa hesabu ya ndama waliokufa, kwa hiyo mwite afisa mifugo aje aongee naye yeye, siyo na wewe.

Na hapo kwenye afya kuna jambo ambalo familia za wafugaji tunalipuuza sana. Mzee akiwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, tunasema malaria, halafu tunasema uzee. Inaweza kuwa brusela, ambayo hupatikana kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la ng'ombe aliyetupa mimba. Mkifika hospitali mwambieni daktari mapema kwamba mzee ni mfugaji, maana yeye mwenyewe hatasema. Atasema tu "mwili umechoka". Maziwa yachemshwe, hata akilalamika kwamba ladha imepotea. Atalalamika.

Vita navyo vina adabu yake. Usimkalishe mzee chini na simu ukarekodi, ukamuuliza aliua wangapi. Baba huongea tukiwa tunatembea nyuma ya ng'ombe, macho mbele, hakuna anayemtazama mwenzake. Kuna siku husema mengi, kuna miezi hasemi kitu. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu Uganda, hivyo mimi hukaa kulia. Usiku huamka na kuzunguka zizi na tochi. Akisema ni fisi, kubali ni fisi, vaa viatu uzunguke naye. Mkesha wa Mwaka Mpya watoto hawalipui baruti karibu na nyumba yetu. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwasha redio mapema, na siku hiyo hatumpangii shughuli nyingine. Wapo wenzake waliozikwa Kaboya, kule Muleba.

Msidhani uzee wa askari lazima umalizikie mjini. Jenerali David Musuguri, aliyeingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1942 na baadaye akaiongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera, alistaafu akarudi kwao Butiama. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104.

Jambo ambalo halingoji ni daftari. Mfugaji wa zamani ana ng'ombe ambao hawako zizini kwake: amewaweka kwa rafiki, kwa shemeji, kwa jirani wa kijiji cha pili, na wao wana wao kwake. Kuna mahari ambayo haijaisha pande zote mbili. Yote yamo kichwani mwake, na kichwa kikifungwa, ugomvi unafunguka. Tuliandika taratibu, jioni kwa jioni: ng'ombe gani, yuko kwa nani, amezaa mara ngapi, shahidi ni nani. Kisha tukawaita wale watu mmoja mmoja, wakasikia yaliyoandikwa mbele yake akiwa hai na mwenye akili zake. Mmoja alibisha. Mzee akamkumbusha mwaka, mvua na rangi ya ng'ombe, ubishi ukaisha.

Liko pia suala la mchunga, maana mpango wote huu unasimama kwake. Watoto wa mjini wachange mshahara wake, uende kila mwezi bila kukumbushwa, na akimaliza mwaka apewe mtamba wake, achaguliwe na mzee mbele ya mashahidi. Mchunga mwenye ng'ombe wake ndani ya zizi hilohilo hatoroki msimu wa mvua, na kupe wa ng'ombe wa baba yako atawaona kabla yako.