Barua kwa mwanangu: Taji la nne la Hoost

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umenifikia salama hapa Lamu. Umesema kijana aliyechaguliwa kwenda kwenye mchuano wa ngumi na mateke Mombasa ameteguka goti, kocha amekuita wewe ushike nafasi yake, na sasa wenzako hapo Malindi wananong'ona kwamba hata ukishinda utakuwa umekula riziki ya mwenzio. Unataka kujua mimi babako naonaje, ushindi wa namna hiyo una hesabu au hauna.

Una hesabu. Na kwa kuwa mwenyewe umemtaja Ernesto Hoost, nitakujibu kwa habari zake. Wengi wanaomsifu wanajua alitwaa mataji manne ya K-1, yale mashindano makubwa ya ngumi na mateke, lakini hawajui la nne alilipataje.

Hoost ni Mholanzi mwenye asili ya Suriname, mzaliwa wa mji wa Hoorn, 1965, na alinolewa na Johan Vos kule Amsterdam. K-1 yenyewe ilianzia Japani mwaka 1993. Fainali yake ilikuwa ya kutisha: wanaume wanane wazito wanakutana usiku mmoja, na bingwa lazima ashinde mapambano matatu kabla ya kulala. Usiku ule wa kwanza kabisa Hoost alimlaza Maurice Smith kwa teke la kichwani kwenye nusu fainali, kisha katika fainali naye akalazwa na Branko Cikatić wa Kroatia, mtu wa miaka 38. Alisubiri mpaka 1997 ndipo akalipata taji, alipomshinda Andy Hug. Akalichukua tena 1999, usiku ambao alimpitia Hug, Le Banner na Mirko Filipović mmoja baada ya mwingine, na nasema bila kusita kwamba huo ndio usiku wake mkubwa kuliko zote. La tatu likaja mwaka 2000.

Sasa njoo 2002. Mwezi wa Oktoba, kule Saitama, alikutana na Bob Sapp kwenye pambano la kufuzu. Sapp alikuwa Mmarekani aliyetoka kwenye mpira wa kwao ule wa kugongana, mwenye zaidi ya kilo 150, na Hoost alikuwa na kama kilo 110. Raundi ya kwanza tu Hoost alichanika, pambano likasimamishwa. Ametolewa. Kisha Semmy Schilt, ambaye alikuwa amefuzu, akaumia, na Hoost akaitwa kuziba pengo, sawa na ulivyoitwa wewe. Na robo fainali akapangiwa nani? Sapp yule yule.

Tarehe 7 Desemba, Tokyo Dome. Hoost alimpiga Sapp mwilini mpaka pandikizi lile la mtu likaenda chini. Sapp akainuka, na raundi ya pili akamvurumishia makonde mfululizo mpaka refa akaingilia. Hoost ameshindwa mara ya pili na mtu huyo huyo. Lakini Sapp alikuwa amevunjika mkono na hakuweza kuendelea, basi Hoost akarudishwa ulingoni. Hebu mfikirie mwanamume wa miaka 37, ametoka kupigwa sasa hivi, anaambiwa avae glavu tena. Akamshinda Ray Sefo. Fainali akakutana na Jérôme Le Banner, Mfaransa mwenye ngumi nzito, na Hoost akawa anamrushia mateke ya ubavuni. Le Banner akayakinga kwa mkono, teke baada ya teke, mpaka mkono ukavunjika. Pambano liliishia raundi ya tatu, na taji la nne likawa la Hoost.

Wapo wasemao Sapp ndiye bingwa wa haki wa mwaka ule. Tumebishana sana juu ya jambo hili hapa uwanjani Mkunguni, na sijawahi kukubaliana nao. Sapp alimshinda Hoost mara mbili, hilo halifutiki, na asiyelisema hamtendei haki Sapp. Lakini taji lilikuwa la mtu atakayebaki amesimama baada ya mapambano matatu, na Sapp alimaliza moja. Nafasi Hoost alipewa, mara mbili. Ushindi juu ya Le Banner hakupewa na mtu.

Tena uvumilivu ule haukuwa wa usiku mmoja tu. Hii ndiyo iliyokuwa kazi yake ya miaka yote: ngumi mbili tatu za haraka juu, mpinzani anapandisha mikono, halafu teke zito linashuka pajani. Ni kama fundi anayetia kalafati, pamba ya kuzibia maji, kwenye mshono wa jahazi, hagongi mara moja akaondoka. Vijana mnapenda teke la kichwani kwa sababu watu wanapiga kelele. Teke la pajani halipigiwi kelele, lakini kufika raundi ya tatu mguu wa mbele haumbebi tena mwenyewe. Umesema Mombasa ni mapambano mawili usiku mmoja. Basi usije ukamaliza pumzi zako zote kwenye la kwanza.

Alistaafu K-1 Desemba 2006, palepale Tokyo Dome, akiwa na miaka 41. Aliyemsimamisha nusu fainali ni Semmy Schilt, yule yule ambaye miaka minne nyuma alimwachia nafasi, na usiku ule Schilt akawa bingwa.

Haya, mambo mawili nataka uyafanye wiki hii. Kwanza nenda ukamwone huyo kijana aliyeumia. Usiende kumwomba radhi, hukumvunja wewe. Mjulie hali, kisha muulize alijiandaa vipi kwa huyo mpinzani wako wa kwanza, maana miezi yote amekuwa akimsoma na wewe hujamsoma. Akiwa mwanamichezo atakwambia. Pili, suala la uzito. Umeitwa kwa kuchelewa, na najua hujafika uzito unaotakiwa. Mwambie kocha leo hii. Sitaki kusikia umejinyima maji siku za mwisho ili mizani ikukubali. Mtu aliyekauka kichwa chake hakihimili makonde, na hapo hakuna mjadala kati yangu na wewe. Kama kilo haziwezi kushuka kwa chakula na mazoezi, rudisha nafasi, apewe mwingine.

Mamako anakusalimu na anakuombea, ingawa ameapa hatakuja kutazama. Mimi nitavuka mpaka Mokowe, upande wa bara, na kupanda basi la asubuhi siku moja kabla. Nijulishe mapema huyo mpinzani wa kwanza anatanguliza mguu gani.

Babako