Mwaka jana mlisema popo, mwaka huu mnasema maabara

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika vyumba vya habari vya hapa Tanga, dawati la afya litawapa habari za kila namna: chanjo, uhaba wa dawa, kipindupindu mvua zikianza. Hizo mtazizoea. Itakayowatoa jasho ni ile inayodai kueleza janga limetokea wapi, maana huja na majina makubwa, husambaa kwa kasi, na kila msikilizaji anakuwa na upande wake tayari.

Mama mmoja muuza samaki pale Deep Sea aliwahi kunisimamisha, mkono mmoja ukiendelea kuparua magamba ya changu. "Mwanangu, nyie watu wa redio, mwaka jana mlisema korona imetoka kwa popo, mwaka huu mnasema imetoka maabara. Tushike lipi?" Nilimjibu kwamba chanzo chenyewe hakijathibitishwa na mtu, na kwamba kati ya taarifa ile na hii kilichobadilika zaidi ni msemaji, ushahidi ulikuwa umesogea kidogo tu. Akatikisa kichwa, akanifungia samaki wangu. Swali lake nimelifanya kipimo cha kazi. Kila habari ya aina hii ikifika mezani, kabla sijaangalia nani kasema na kwa ukali gani, nauliza: imeleta ushahidi gani ambao jana haukuwepo?

Chukueni mfano wa Februari 2023. Tarehe 26 gazeti la Marekani, Wall Street Journal, liliripoti kwamba Wizara ya Nishati ya nchi hiyo imefikia hitimisho kuwa virusi vya korona huenda vilivuja kutoka maabara huko China. Kesho yake dunia nzima ilikuwa na kichwa cha habari kimoja. Lakini ndani ya habari hiyo hiyo kulikuwa na maelezo kuwa wizara ilisema hivyo kwa kiwango cha chini cha uhakika, na ushahidi wenyewe haukutolewa hadharani. FBI, wapelelezi wa serikali ya huko, nao walikuwa wameelekea maabara, kwa kiwango cha wastani. Taasisi nyingine nne za ujasusi za Marekani, pamoja na baraza lao la taifa la ujasusi, zilikuwa zimeelekea upande wa wanyama, nazo kwa kiwango cha chini. Januari 2025 shirika la ujasusi la CIA, ambalo hadi hapo lilikuwa halijaamua, likasema linaegemea maabara, tena kwa kiwango cha chini, na likaongeza kuwa dhana zote mbili bado zinawezekana. Mwenye kusoma kichwa cha habari pekee atasema Marekani imethibitisha. Aliyefika aya ya tano anajua ni makadirio ya watu wanaotofautiana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa tazameni yanayotokea kwenye taarifa zetu. Mtangazaji ana sekunde arobaini, mhariri anapunguza, na kipande kinachoondolewa kwanza ni kile cha "kwa kiwango cha chini cha uhakika". Kinaonekana kama mapambo, kumbe ndicho kilichobeba habari. Ombi langu kwenu: kiwekeni kwenye sentensi ya kwanza, palepale penye kitenzi, ili atakayekikata alazimike kuivunja sentensi nzima. Mkikiacha cha mwisho kitakatwa, na hamtakuwepo studio kukitetea.

Jambo la pili linahusu kuhesabu vyanzo. Mwanagenzi huniletea habari akiwa na furaha: "Kaka, imethibitishwa, iko sehemu sita." Tukizifungua moja moja tunakuta zote sita zinanukuu gazeti lile lile moja. Hicho ni chanzo kimoja chenye midomo sita. Historia ina kisa kizito cha namna hii. Julai 1983 gazeti moja la India liitwalo Patriot lilichapisha barua isiyo na jina la mwandishi, ikidai UKIMWI ulitengenezwa na jeshi la Marekani kwenye kambi yake ya Fort Detrick. Ilikuwa kazi ya majasusi wa Kisovieti. Oktoba 1985 gazeti la Moscow, Literaturnaya Gazeta, likaichukua na kuitaja Patriot kama chanzo, na kutoka hapo ikazunguka nchi nyingi, Afrika ikiwemo, kila gazeti likinukuu lililotangulia. Wanasayansi walipofuatilia nasaba ya virusi vyenyewe walifika kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, na kwa watu wa Kinshasa ya miongo ya mwanzo ya karne iliyopita. Wapo hapa mjini, watu wazima wenye akili zao timamu, ambao bado wanaamini ile ya 1983. Siwalaumu. Waliisoma kwenye magazeti.

Kwa hiyo fuateni uzi hadi mwanzo wake. Habari ikisema "utafiti mpya", tafuteni utafiti wenyewe hata kama bando ni dogo. Muhtasari wake huwa ukurasa mmoja. Angalieni kwanza kama umeshapitiwa na wataalamu wengine au ni rasimu iliyowekwa mtandaoni ikisubiri. Tarehe 31 Januari 2020 watafiti wa New Delhi waliweka rasimu iliyodai kwamba virusi vipya vina vipande vinavyofanana na vya VVU. Wataalamu wenzao waliichambua, na ndani ya siku chache waandishi wakaiondoa. Kwenye makundi ya WhatsApp haikuondolewa kamwe.

Tena si kila kilichochapishwa kwenye jarida la kisayansi ni utafiti. Februari 2020 jarida la Lancet lilitoa tamko la wanasayansi 27 waliolaani dhana kwamba virusi havikutoka kwa viumbe wa asili. Vyombo vingi vililitumia kama hukumu ya mwisho. Lilikuwa barua, yaani maoni ya watu wenye ujuzi. Mmoja wa waliotia saini, Peter Daszak, aliongoza shirika lililokuwa likipeleka fedha za utafiti kwenye Taasisi ya Virusi ya Wuhan, mji wa China ambako ugonjwa ulionekana kwanza; ndiyo maabara ile ile iliyokuwa ikijadiliwa, na maelezo kamili ya maslahi yake yalichapishwa Juni 2021. Mwezi mmoja kabla, wanasayansi 18 walikuwa wameandika barua nyingine kwenye jarida la Science wakitaka dhana zote mbili zichunguzwe kwa uzito. Mwezi huo huo wa Mei Facebook ikaacha kufuta machapisho yaliyosema virusi vimetengenezwa na binadamu, na Washington Post ikarekebisha habari yake ya mwaka uliotangulia iliyokuwa imeita dhana ya maabara kitu kilichokwisha kukanushwa. Mimi hapa naona kosa kubwa la waandishi, na nalisema kwa uchungu: walizima swali kabla halijajibiwa. Swali lilipofunguliwa tena, wasikilizaji wengi walidhani kufunguliwa huko ndiko kuthibitishwa kwa maabara.

Linganisheni barua hizo na tafiti mbili zilizotoka Science Julai 2022. Moja ilichora makazi ya wagonjwa wa Desemba 2019 na kuonyesha wamelizunguka soko la Huanan mjini Wuhan, hata wale wasiokuwa na uhusiano nalo. Na sampuli zenye virusi ndani ya soko zilirundikana upande walikouzwa wanyama hai. Hapo kuna kitu cha kushika: ramani, sampuli, hesabu ambayo mwingine anaweza kuirudia na kuipinga. Na imepingwa, kwa hoja ambayo nawasihi muielewe vizuri kwa sababu mtaihitaji siku nyingine. Ukiwatafuta wagonjwa sokoni, utawapata sokoni. Katika wagonjwa 41 wa mwanzo walioandikwa kwenye Lancet Januari 2020, 27 walikuwa wamefika soko hilo, na madaktari wa siku zile walikuwa na sababu ya kuulizia soko. Watafiti wa 2022 walijaribu kuijibu hoja hiyo kwa kuwaangalia wale wasio na uhusiano na soko. Mjadala ndipo ulipo, na msikilizaji wa Ngamiani anaweza kuuelewa ukimweleza taratibu.

Mahali ugonjwa ulipoonekana kwanza, au ulipotajwa kwanza, si lazima pawe ndipo ulipoanzia. Homa kuu ya 1918 ilibandikwa jina la Hispania kwa sababu nchi hiyo haikuwa vitani, magazeti yake hayakubanwa, yakaandika waziwazi hata mfalme Alfonso XIII alipougua. Nchi zilizokuwa zikipigana zilikuwa na wagonjwa wao na zilinyamaza. Aliyesema ukweli ndiye aliyebebeshwa ugonjwa.

Kwetu hapa mambo haya yana madhara ya karibu. Wakati wa korona msikilizaji alipiga simu akitaka Mapango ya Amboni yatiwe moshi popo wote wafe. Alikuwa amesikia neno popo kwenye taarifa ya habari, na popo anaowajua yeye ni wa Amboni. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba virusi vilivyokaribiana na vya korona vilipatikana kwa popo wa Yunnan huko China, na baadaye Laos. Wala kwamba ukaribu huo ni wa asilimia 96 na kidogo, ambao kwa virusi wa aina hii ni umbali wa miongo ya mabadiliko. Popo wanaokula wadudu wanatusaidia mashambani, wanaokula matunda ndio wachavushaji wa mibuyu yetu. Na kuwatimua kwa moshi kunawaleta karibu zaidi na watu. Ukitaja mnyama hewani, taja ni wa wapi na amekutwa na nini hasa.

Semeni pia kisichokuwepo. Timu ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na China ilitoa ripoti Machi 2021 na kuiita njia ya maabara ngumu mno kuwezekana. Siku hiyo hiyo mkuu wa shirika, Tedros, akasema dhana zote zibaki mezani. Juni 2025 jopo la wataalamu wa shirika hilo lilisema uzito wa ushahidi uliopo unaelekea kwa wanyama, lakini China haikutoa taarifa nyingi zilizoombwa, na hivyo hakuna dhana inayoweza kuondolewa. Mnyama aliyevileta virusi sokoni hajapatikana. Kumbukumbu za maabara zilizoombwa hazijatolewa. Mapengo hayo mawili yanastahili nafasi katika kila habari mtakayoandika, na wenye maslahi ya kuyaficha wako pande zote: Machi 2020 msemaji wa wizara ya mambo ya nje ya China alidokeza kuwa jeshi la Marekani ndilo lililopeleka virusi Wuhan, na huko Washington wanasiasa nao walikuwa na uchaguzi wa kushinda.

Uvumilivu nao ni ujuzi wa kazi. Ugonjwa wa SARS, unaoletwa na virusi wa ukoo mmoja na vya korona, uliposhika kasi mwaka 2003, fungo wa masoko ya Guangdong huko China walitajwa mapema, ila pango la Yunnan lenye popo waliobeba vipande vyote vya virusi vile lilielezwa mwaka 2017.

Na haya yatatufikia sisi, tena si kama habari za nje. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu walioshukiwa kuwa na Marburg, homa kali ya virusi inayoua, mkoani Kagera. Wizara yetu ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa. Tarehe 20 Rais Samia, Tedros akiwa pembeni yake, akatangaza mgonjwa mmoja amethibitika Biharamulo. Aliyeandika kila hatua kwa tarehe yake, nani kapima na kapima nini, hakulazimika kufuta kitu. Andikeni hivyo.

Muwe na namba za simu kabla ya dharura: mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya, mtafiti mmoja au wawili wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ofisa wanyamapori. Na daktari wa mifugo. Huyu ndiye husahaulika, ilhali habari ya chanzo cha ugonjwa mara nyingi hugeuka kuwa habari ya wanyama ndani ya siku mbili. Mtafuteni sasa, mpeni salamu, mfahamiane kabla hamjamhitaji saa nne usiku.