Siku moja Tucson: maswali yenu

Kuna wasomaji kadhaa wanaokwenda Tucson, mji wa jangwani kusini mwa Arizona, Marekani, na wana siku moja tu ya kutembezwa na mwongoza watalii.

Tunafika Julai. Tuanze saa ngapi?

Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa limeshachomoza. Julai joto hupita nyuzi 38 mara kwa mara, kwa hiyo ratiba inayowapeleka kutembea porini saa saba mchana ikataeni. Chukueni maji lita nne kila mtu. Huo pia ni msimu wa mvua za radi, nazo hunyesha zaidi alasiri. Korongo kavu hufurika ghafla hata kama mvua imenyesha mbali, basi dereva akigoma kuvuka, msimsukume.

Kanisa la San Xavier lina nini hasa? Mimi si Mkristo.

Nenda. Mimi ningelitanguliza kuliko vyote. Padri Kino, mmisionari Mkatoliki, alianzisha misheni hiyo mwaka 1692, na jengo la sasa lilijengwa kati ya 1783 na 1797. Ni jeupe pe, lina minara miwili, na mmoja haukumaliziwa hadi leo. Liko ndani ya ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, ambao bado wanasali humo.

Mtu wa Lamu au Unguja ataielewa haraka shida iliyolipata. Kuta zilipakwa saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, na michoro ya ndani ikaanza kuharibika. Mafundi wakairudia chokaa, wakaichanganya na utomvu wa mpungate. Michoro ilisafishwa miaka ya 1990, na vijana wa Ki-O'odham wakafunzwa kazi hiyo na wataalamu kutoka Ulaya. Mwambie mwongozaji akuonyeshe kuta, asikimbilie altare tu. Ibada ikiendelea, weka kamera chini.

Yale madungusi marefu ya kwenye picha yako wapi?

Saguaro National Park, hifadhi iliyogawanyika pande mbili, mashariki na magharibi ya mji. Kwa siku moja chagua magharibi, kwa sababu Arizona-Sonora Desert Museum, makumbusho ya mimea na wanyama wa jangwani, iko jirani. Saguaro, ndilo dungusi refu hilo, huweza kukaa miaka 50 au zaidi kabla ya kutoa mkono wa kwanza, kwa hiyo lile lenye mikono mitano ni zee kweli. Kwa Watohono O'odham ni kama ndugu. Matunda yake huangua mwanzoni mwa kiangazi kwa upondo mrefu uliotengenezwa na mbavu za saguaro lililokufa, kama sisi tunavyoangua maembe kwa kingoe. Usilichonge jina lako.

Chakula na bakshishi?

Tucson ndio mji wa kwanza Marekani kuingizwa na UNESCO kwenye orodha ya miji ya upishi, mwaka 2015. Onja hotidogi ya Sonora, yenye maharage na nyanya. Wasiokula nguruwe waulize kwanza, maana soseji yake huviringishiwa bekoni. Mwongozaji hupewa bakshishi ya asilimia 15 hadi 20.

Nitapata wa kuongea naye Kiswahili?

Mjini zipo familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Ila waongoza watalii utakaowapata wengi husema Kiingereza au Kihispania.