Mbege ya posa haijatoa povu: usiimwage bado

Dada, nimekuelewa: ndizi zako za mbege, pombe ya Kichagga ya ndizi na ulezi, zina siku ya pili kwenye pipa, povu hakuna, na wageni wa posa wanafika Jumamosi. Tulia kwanza. Umesema uko Marangu, Kilimanjaro, na Julai huko baridi ni kali; chachu hulala. Mimi hulizungushia pipa blanketi na kulisogeza karibu na jiko, si juu ya moto. Mara nyingi kesho yake naanza kusikia linachemka lenyewe. Usikaze kifuniko, hewa lazima itoke.

Kitu kimoja nakuomba sana: usitie hamira na sukari kwa haraka. Itaumuka kweli, lakini wazee watajua kwa funda la kwanza.

Ikichangamka, chuja, kisha changanya na uji wa kimea cha ulezi uliopoa kabisa. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Niliwahi kumimina uji wa moto, chachu ikafa, debe zima likapotea. Msesewa, lile gome chungu la mti, tia kidogo kidogo huku ukionja.

Harufu ya uchachu na utamu ni nzuri. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, au ikinuka uozo, mwaga yote. Ulezi wenye ukungu usiutumie kabisa, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu; kuuchemsha hakuiondoi. Pipa lililowahi kubeba dawa za shamba pia halifai, hata likioshwa. Na mtu akinywa akatapika mfululizo au akaona ukungu machoni, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Leo jioni tega sikio kwenye pipa, unijulishe.