Maswali ya Wasomaji: Je, Filamu za Zamani Zinachosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mimi ni mpenzi wa filamu za zamani, hasa za Kihindi, na kwangu hakuna inayoifikia Sholay. Mpwa wangu, shabiki wa picha za mapigano, aliitazama nusu saa akainuka, akidai kwamba inakwenda polepole mno na kwamba haieleweki kama ni picha ya kaboi, ya mapenzi au ya vichekesho. Je, ni nani kati yetu aliye sahihi? Na ni kweli kwamba mwisho wake ulibadilishwa? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, nakuunga mkono, ingawa mpwa wako naye ana hoja. Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kuanza kuoneshwa tarehe 15 Agosti 1975, ni picha ya kaboi, ya mapenzi na ya vichekesho kwa pamoja, na ilikusudiwa iwe hivyo, kwani watengenezaji wa filamu wa Bombay walijua kwamba katika ukumbi mmoja wangeketi babu, mama na watoto, na kila mmoja alistahili kupata alichokifuata. Vichekesho vya gerezani, hata mimi naona vimerefushwa kupita kiasi, na hapo simlaumu kijana.

Lakini mwendo huo wa polepole anaoulalamikia ndio unaoibeba filamu. Mtazameni Gabbar Singh, jambazi mkuu wa filamu, aliyeigizwa na Amjad Khan, anapoingia kwa mara ya kwanza: hatuoneshwi uso wake, bali buti zinazotembea juu ya mwamba na mkanda wa risasi unaoburutwa, huku wafuasi watatu waliorudi mikono mitupu wakisubiri hukumu. Anawahoji, ananyamaza, anacheka mpaka genge zima linaangua kicheko pamoja naye, kisha anawaua. Tukio hilo likiharakishwa, Gabbar atakuwa jambazi mwenye bastola kama majambazi wengine wote. Ndivyo ilivyo pia jioni ile Jai, mmoja wa wezi wawili waliokodiwa kumkamata Gabbar, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anapopuliza kinanda cha mdomo huku Radha, mjane aliyevaa nguo nyeupe, akizima taa za barazani moja baada ya nyingine. Mapenzi yao hayatamkwi hata kwa neno moja, na bado mtazamaji anayaelewa yote.

Kwa kuwa kijana anapenda mapigano, mwanzishie hapo hapo. Mwaka 1954 Akira Kurosawa wa Japani alitoa Seven Samurai, kisa cha wanakijiji wanaokodi wapiganaji ili wawakinge na majambazi. Mwaka 1960 John Sturges akakihamishia kwa makaboi wa Marekani katika The Magnificent Seven. Na Sholay, ambamo Thakur, ofisa wa zamani wa polisi, anawakodi wezi hao wawili wamkamate jambazi anayekitesa kijiji cha Ramgarh, ilichota katika kisima hicho hicho. Ningeanza na ile ya Marekani, ambayo inazidi saa mbili kidogo tu, kisha Sholay, na ya Kurosawa yenye dakika 207 ningeiweka mwisho, atakapokuwa tayari kuyasubiri mapigano yale ya kwenye mvua na matope.

Kuhusu mwisho, ni kweli. Thakur, aliyekatwa mikono na Gabbar, awali alimuua adui yake kwa miguu. Wakati huo India ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Juni 1975, na wakaguzi wa filamu hawakukubali mtu aliyewahi kuwa polisi aoneshwe akijichukulia sheria mkononi, hivyo ikapigwa picha upya polisi wakitokea na kumzuia. Nakala iliyokarabatiwa, yenye mwisho wa awali, ilioneshwa mjini Bologna, Italia, mwaka 2025. Kwa maoni yangu mwisho huo ndio wenye uzito, kwa sababu filamu nzima inatuandaa kuona mtu asiye na mikono atakavyolipa kisasi, na polisi wanaozuka dakika za mwisho wanamnyang'anya Thakur haki ya kuamua mwenyewe. Mkibahatika kuipata nakala hiyo, mwoneshe mpwa wako hiyo badala ya ile yenye mwisho uliobadilishwa.