Watu 60 kwenye kundi, watu 19 uwanjani

Juzi dada mmoja wa Singida kaniandikia: "Kaka, tuna bonanza la kuchangia madawati. Watu wa kujitolea nawapata wapi?" Nilicheka peke yangu kwenye bajaji, maana swali hilo lilishanitesa. Dada yangu, kuwapata si kazi. Kazi ni asubuhi yenyewe.

Mwaka jana mwezi wa saba tuliandaa mbio za hisani za kilomita 10 hapa Dodoma. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikatupia tangazo, siku tatu tu wameshajaa 60. Wengi wanafunzi wa chuo kikuu, UDOM, wachache wa vyuo vya Mipango na CBE. Kila nikiandika neno, dole gumba zinamiminika. "Tupo pamoja kiongozi!" Nikavimba kichwa kweli kweli. Nikapanga vituo vinne vya maji, watu wa kuongoza njia, watu wa kusajili, hadi wa akiba.

Saa kumi na moja alfajiri niko Nyerere Square na katoni za maji, upepo ule wa Julai unapita ndani ya sweta kana kwamba sijavaa kitu. Walikuja 19.

Sababu nilikuja kuzijua baadaye, kwa aibu. Tarehe niliyochagua iliangukia kwenye UE, mitihani yao ya mwisho wa muhula, na sikumuuliza mwanafunzi hata mmoja. Halafu alfajiri ile daladala za kutoka chuo kuja mjini hakuna, na bodaboda anataka hela ambayo mwanafunzi anakula siku mbili. Mimi nauli niliahidi "baada ya tukio". Taasisi moja ilisema itatupa basi. Siku hiyo simu yao iliita mpaka ikachoka. (Bado inaniuma, niwe mkweli.) Na kwa kuwa ilikuwa Jumapili, saa mbili kasoro watano kati ya wale 19 wakaaga: wanakwaya.

Kituo namba tatu nilipanga watu watano. Nilipofika nikamkuta binti mmoja, mwaka wa kwanza, peke yake. Sikuwapa kisu wala mkasi, kwa hiyo alikuwa anachana nailoni za katoni kwa funguo ya chumba chake cha hosteli, chupa mbili huku, mbili kule, wakimbiaji wanamkwapulia mikononi bila hata asante. Chai na maandazi viliishia kwenye hema la wageni waalikwa. Jukwaani MC alitaja wadhamini wote, mpaka aliyetukopesha spika. Waliojitolea, kimya. Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake.

Jioni binti akanitumia ujumbe: "Kaka nimefika salama. Ila tukio lijalo usinitafute." Sijaufuta.

Mwaka huu mwezi wa tatu tulirudia. Sikufungua kundi kwanza. Nilipiga simu, mmoja mmoja, watu 30, namuuliza kila mtu: una mtihani lini, unaweza kukaa mpaka saa ngapi, unalala wapi? Nauli niliituma usiku wa kuamkia siku yenyewe, pamoja na ya kutolea. Rudia kusoma hapo: pamoja na ya kutolea. Ukimtumia mtu elfu tano kamili, umemwachia makato yeye. Walikuja 26, na waliokosa wanne walinijulisha mapema. Kila kituo kilikuwa na kiongozi wake, kisu chake na chai yake, na chai ilifika kabla ya wageni.

Ndugu zangu waandaaji, tuache kiburi. Tunawaita vijana "nguvu kazi ya taifa" halafu tunashindwa kuwapa andazi. Cheti unachomwahidi kichapishe kabla ya siku, kiwe na jina lake limeandikwa sawasawa, kwa sababu ataomba nacho kazi. Asiyekuja usimtukane kwenye kundi. Nilishafanya hivyo, nikapoteza na waliokuja. Na nauli, jamani, nauli. Kama bajeti yako ina fulana 200 na haina nauli, punguza fulana.

Kwa hiyo dada wa Singida, kabla ya kuniuliza watu, nitumie tarehe yako na ratiba ya mitihani ya vyuo vya hapo kwenu.

Yule binti nilimpigia Machi. Hakupokea. Nikamtumia nauli ya mwaka jana, na ya kutolea. Haikurudi, na hakujibu.